Maana ya Kuchaji

Kila alipotoka shule, Kamusi alipitia kwenye kibanda cha mama yake, fundi cherehani, akavua viatu na kukaa juu ya robota la vitambaa kushona vifungo. Jina hilo hakupewa na wazazi. Watu walimwita binti huyu Kamusi kwa sababu hakuna neno la mtaani lililompita. Wapiga debe wakipigiana mafumbo, alielewa. Wanafunzi wakubwa wakifichana mambo mbele yake, alielewa vilevile. Mama yake, ambaye alisema maneno mapya yalimpita tangu alipoolewa, alimfanya mkalimani wake.

"Yule dada kasema gauni nililomshonea ni moto. Ananisifu au ananitukana?"

"Anakusifu, mama."

"Basi nitamwongezea mfuko."

Kaka yake Kamusi alikuwa fundi katika karakana ya kuchomelea vyuma, ng'ambo ya barabara. Kutwa nzima aliinama juu ya mageti na madirisha, na jioni alirudi nyumbani kashika kiuno kama mzee. Lakini siku hizi alikuwa ameacha kulalamika. Mchana alipita kibandani, akanywa maji, akasema, "Ngoja nikachaji," kisha akaenda nyuma ya karakana na mwenzake aliyeitwa Kobe. Alirudi macho yamelegea, anatabasamu bila sababu.

Kamusi alijua sababu. Siku moja alimpelekea chakula huko nyuma, akamkuta anachomoa kikaratasi kwenye soksi, akatoa vidonge vya bluu na kuvimeza. Kaka hakukasirika. Alimshika bega.

"Hii ndiyo chaji yetu, mdogo wangu. Mgongo hauniumi tena. Lakini usimwambie mtu, umenielewa?"

Kamusi alijiona mkubwa. Kaka hakuwahi kumwamini kwa siri yoyote kabla ya hapo.

Haukupita muda mama akauliza, "Hivi huyu anachaji nini kila siku, na simu yake naiona imezima?"

Kamusi aliinamia kifungo alichokuwa akishona. "Darasani kwetu kuchaji ni kusinzia kidogo, mama. Anapumzika."

Ni kweli darasani kwao aliyelalia dawati aliambiwa anachaji. Ila mama aliuliza habari za karakana, naye akamjibu za darasani.

"Apumzike, maskini," mama alisema. "Kazi ile inaua."

Wiki hiyohiyo, Kobe alivuka barabara mbio, kofia mkononi. "Mama, njoo. Ameanguka."

Walimkuta amelala kifudifudi. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya chuma alichotoka kukichomelea, na chuma kilikuwa bado cha moto. Harufu ilijaa karakana nzima. Kilichomtisha Kamusi zaidi ni kwamba kaka hakuuondoa ule mkono. Mama ndiye aliyeuondoa.

Walimlaza kwenye mkokoteni, wakamkimbiza kituo cha afya. Muuguzi alimfunua macho, akasikiliza kifua.

"Midomo inabadilika rangi. Amemeza nini huyu?"

"Hajala hata chakula cha mchana," mama alisema, pumzi zikimkatika. "Aliniaga anakwenda kuchaji. Yaani kupumzika."

Muuguzi akamgeukia Kobe. "Wewe unafanya naye kazi?"

"Labda ni joto," Kobe alisema, akitazama vidole vya miguu yake. Aliogopa kufukuzwa kazi.

Muuguzi alimwagiza msaidizi wake alete maji ya baridi. Kamusi alikitazama kifua cha kaka yake. Kilipanda, kikashuka, kikatulia. Alingoja kifua kipande tena. Kikachelewa.

"Si joto," alisema. Akarudia kwa sauti zaidi. "Si joto. Kuchaji ni kumeza vidonge. Vya bluu. Anavificha kwenye soksi."

Mama aligeuka taratibu. "Si uliniambia..."

"Nilikwambia maana ya darasani."

Muuguzi hakungoja wamalize. Aliivuta soksi, akakifungua kikaratasi, akakitazama kidonge, kisha akakimbilia kabati la dawa. Alimchoma sindano. Wote walikikodolea macho kifua cha kaka mpaka alipovuta pumzi ndefu na kuanza kukohoa.

Hakufa. Lakini daktari aliyemfunga bendeji alisema vidole viwili havitakunjika tena. Kesho yake Kamusi aliruhusiwa kumwona.

"Umesema," kaka alimwambia.

"Nimesema."

Kaka aliitazama bendeji. "Ungesema mapema."

Hakuyasema kwa hasira, na hilo lilimuumiza Kamusi zaidi. Alitoka nje, akakaa kwenye benchi la wagonjwa, machozi yakamlowesha sare ya shule. Kobe alimpita akiwa amekunja ngumi. Aliingia kwa muuguzi, akaifungua ile ngumi juu ya meza, vidonge vyake vikatawanyika. Muuguzi akamwambia kwamba yeye na mwenzake watafika hapo kila wiki kusaidiwa kuacha.

Mama akaja kukaa karibu na binti yake.

"Mjomba wangu na vijana wenzake walikuwa wakiaga kwamba wanakwenda kusoma gazeti," alisema. "Bibi yako alifurahi, akajua ndugu yake atakuwa msomi. Kumbe gazeti lilikuwa pombe inayopikwa vichochoroni. Wapo waliojua, wakacheka tu. Asubuhi moja mjomba aliamka haoni. Alikufa akipapasa kuta."

Kamusi alijifuta pua kwa mkono. "Kwa hiyo niache maneno ya mtaani?"

"Ya nini uyaache? Enzi zetu tulikuwa na yetu, na wanao watakuja kukucheka kwa haya ya kwako. Neno halina kosa. Kosa ni kulitumia kufunika sumu, na kosa lingine ni la anayejua akanyamaza." Mama alimvuta kifuani. "Siku nyingine nikikuuliza neno, nipe maana zake zote. Hasa ile unayoogopa kuisema."