Sarafu Isiyosuguliwa

Asubuhi hiyo mjane alikuwa amemaliza sala na kuanika shuka mbili, shemeji yake alipoingia bila hodi. Mdogo huyo wa marehemu mumewe walimwita Profesa, ingawa alichowahi kufundisha hakijulikani hadi leo. Alikuja na brashi ya waya, chupa ya asidi ya betri, na kidevu juu.

Marehemu alikuwa akikusanya sarafu za shaba za kale, zilizogongwa muhuri katika majimbo ya dola ya Kirumi. Alizilowesha kwenye maji safi miezi mitatu, kisha akachokonoa udongo kwa mwiba, taratibu. Ule ukijani hakuugusa kamwe. Alisema ndiyo ngozi ya sarafu. Siku anakata roho alimshika mkewe mkono, akamwusia: asikubali hata moja isuguliwe. Hiyo ndiyo amana aliyomwachia, na yule mama alijua amana huulizwa mbele za Mungu.

"Lazima zing'ae ndipo zitazamike," alisema Profesa, akivuta kiti cha marehemu.

"Shemeji, kaka yako alikataza."

"Kaka yangu! Mtu mzima anaatamia vyuma kama kuku. Na wewe, shemeji, nenda kafue. Haya ni mambo ya watu waliosoma."

Alichukua bahasha iliyowekwa peke yake. Juu yake marehemu alikuwa ameandika: "Ilitoka kinywani mwa maiti. Usiisugue. Ndani yumo mmoja."

Profesa alicheka mpaka akakohoa. "Mmoja! Basi atoke, anawe uso."

Mjane akamshika mkono. Profesa akamsukuma. Akasugua.

Ukijani ulibanduka. Haukuwa unga. Ulichunika kama utando, laini. Chini yake ukatokea uso wa mfalme, mwekundu, mbichi.

Profesa akajikuna shavu. Akatazama kucha zake. Zilikuwa na kijani.

"Shemeji," alinong'ona, "hebu niangalie usoni."

Hakusubiri jibu. Alikimbilia bafuni, akakomea. Maji yakafunguliwa. Kisha brashi. Inasugua. Inasugua.

Ikanyamaza.

Seremala wa jirani ndiye aliyevunja mlango. Dirisha lilikuwa na nondo. Ndani hapakuwa na mtu. Brashi tu, na maji ya kijani yakizunguka kuelekea shimoni.

Mjane alirudi mezani. Sarafu ilikuwa imeota ngozi mpya. Mfalme sasa alikuwa ameinua kidevu.

Hakulia. Machozi yake yalikuwa na mwenyewe: mumewe. Aliirudisha kwenye bahasha, na hapo akauona mstari wa mwisho, kwa mwandiko uleule wa mumewe, wino ukiwa bado unalowesha kidole:

"Ndani wamo wawili."