Kode Ndani ya Kava

Kila siku baada ya masomo, Dancille alichukua bidoni yake ya njano na kwenda kuteka maji kwenye bomba la mtaa wa Keshero. Siku hiyo alibeba pia simu ya mama yake, bila ruhusa, ili awaonyeshe wenzake picha. Alipoinuka baada ya kufunga bidoni, simu aliyoiweka juu ya jiwe haikuwapo tena. Aliuliza huku na huku. Hakuna aliyeiona.

Nyumbani alimkuta mama yake, Nyirakamana, akiinua mito ya viti.

"Dancille, umeona simu yangu?"

"Hapana, mama."

Nyirakamana akaketi sakafuni. Alifanya kazi katika shirika linalotunza watoto waliotengana na wazazi wao kwa sababu ya vita. Simu ilikuwa yake mwenyewe, lakini ndani yake mlikuwa na programu ya kazi, yenye majina ya watoto hao na nyumba walimofichwa ili wasidhuriwe.

"Mungu wangu, isiwe imeibwa! Afadhali haifunguki bila kode," alisema, akaanza kupekua tena.

Dancille aliijua kode hiyo. Alikuwa ameiandika kwenye kikaratasi na kukificha ndani ya kava ya simu, asije akaisahau. Saa nzima ilipita akimtazama mama yake akipekua huku akilia. Mwishowe hakuweza kuvumilia.

"Mama, nimekudanganya. Simu imepotea bombani. Na kode iko ndani ya kava."

Mama hakumpiga. Alimshika mkono, wakakimbia kwa jirani yao, Mama Cibalonza, kuomba simu. Akampigia Papa Gentil, msimamizi wa simu za wafanyakazi wa shirika lao.

"Papa Gentil, futa programu yangu sasa hivi! Simu imeibwa pamoja na kode yake!"

"Ngoja, mama... Naona kwenye kompyuta kwamba simu imewashwa. Kuna mtu anajaribu kuifungua programu."

Nyirakamana alifumba macho. Aliubana mkono wa Dancille.

"Nimeifuta," Papa Gentil alisema hatimaye. "Hajaona jina hata moja. Lakini mungechelewa kidogo tu, angeyaona yote."

Simu yenyewe haikupatikana. Walipokuwa wakirudi, mama alisimama njiani.

"Mwanangu, kupotelewa na kitu kunampata kila mtu. Mimi pia nilikosea kwa kuandika kode mbele yako. Lakini ile saa uliyonyamaza ndiyo ilikaribia kuwaangamiza watoto wa watu. Ukikosea, sema papo hapo, wakati bado tunaweza kutengeneza."

"Nimesikia, mama," Dancille alijibu, machozi yakimtoka.