Jicho la Kushoto la Fundi Saa

Mtaani walimwita Fundi Dakika. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, na thelathini kati ya hiyo aliimaliza kwenye meza moja, akitengeneza saa za watu. Mikono yake haikutetemeka, na mdomo wake haukuchoka kutania wateja.

"Saa yako haijafa," humwambia mtu. "Imezimia tu. Njoo kesho uichukue."

Kila asubuhi alipachika lenzi ndogo ya kukuza kwenye jicho la kulia, kisha akafumba la kushoto. Ndivyo alivyofundishwa kazi. Kutwa nzima jicho moja lilihangaika na vyuma vidogo kama punje za chumvi, na lingine lililala. Hakuna aliyewahi kuliuliza hali yake.

Siku moja mke wake alimwona akimimina chai mezani, kando ya kikombe.

"Mume wangu, kikombe kiko hapa."

"Kimesogea," Fundi akajibu, akacheka.

Mkewe hakucheka. Wiki hiyohiyo mumewe alikuwa amegonga bega la kushoto mlangoni mara mbili, tena kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe. Juzi nusura agongwe na baiskeli iliyotokea upande huohuo.

"Ni uzee," Fundi akasema. "Nitanunua miwani sokoni, yataisha."

"Mdharau mwiba mguu huota tende," mkewe akamwambia, akatoka kwenda kumwita jirani.

Jirani yao alikuwa muuguzi wa kliniki ya macho. Watu wote walimwita Sista. Alikuja na sare zake za kazi, akaketi mbele ya Fundi.

"Shemeji, ziba jicho la kulia kwa kiganja. Niangalie usoni. Unaona nini?"

Fundi akaziba. Aliuona uso wa Sista tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Mlango haukuwepo. Mkewe alikuwa amesimama palepale pembeni, lakini hakumwona.

"Imeanza lini?" Fundi akauliza kwa sauti ndogo.

"Huwezi kujua. Kutwa unalifumba, na ukilifumbua, mwenzake anaona kwa niaba yake. Kesho twende kliniki."

Kesho yake daktari alimpima macho yote mawili kwa vyombo vyake. Akasema ni presha ya macho. Fundi hakuelewa, ikabidi Sista amweleze.

"Siyo presha ya damu, shemeji. Ndani ya jicho mna maji. Yakibana sana, yanaua mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Hufanya hivyo polepole, bila maumivu, na huanza pembeni."

"Basi nipasuliwe nione tena, kama mama yangu alivyotolewa mtoto wa jicho."

"Mtoto wa jicho ni ukungu. Ukungu unaondolewa. Mshipa ukishakufa haurudi."

Fundi akauliza swali aliloliogopa. "Na la kulia?"

"Limeguswa kidogo," daktari akajibu. "Ukitia dawa kila siku bila kukosa, kuna matumaini makubwa ya kulilinda."

Fundi alilia hapohapo, wala hakuona haya. Jicho hilo ndilo lililolisha nyumba yake. Heri nusu shari kuliko shari kamili, akajiambia, akamshukuru Mungu.

Sista akamfundisha kutia dawa. "Nawa mikono. Vuta chini kope la chini, tazama juu, dondosha tone moja. Fumba jicho, bonyeza kona iliyo karibu na pua kwa dakika mbili."

"Dakika niachie mimi," Fundi akasema, na mkewe akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

"Usiache dawa kwa sababu unajiona mzima. Na usinunue dawa ya macho dukani bila kupimwa, nyingine hupandisha presha hiyohiyo. Una ndugu?"

"Mdogo wangu, fundi viatu. Amepita hamsini."

"Ugonjwa huu hupenda kurudi katika ukoo mmoja. Apimwe haraka. Yeyote aliyefika arobaini apimwe, hata kama haumwi."

Mdogo mtu aligoma. "Kaka, mimi naona hadi sisimizi ukutani."

"Mimi nilikuwa naona ndani ya saa," Fundi akamjibu. "Vaa viatu twende."

Walikwenda. Presha ya macho yake ilikuwa juu, lakini mishipa yote miwili ilikuwa bado mizima. Akaanza dawa siku ileile, na kelele za sisimizi zikaisha.

Sasa mteja akifika kuchukua saa, Fundi humwambia azibe jicho moja, kisha lingine. Wapo wanaocheka. Wapo walioshtuka, akawaelekeza kliniki. Hata wanaocheka huwaambia wakapimwe.

Baada ya miezi sita ndugu hao wawili walirudi kwa daktari. Jicho la kulia la Fundi halikupoteza kitu kingine. Macho ya mdogo wake yalikuwa salama. Walipotoka, walimkuta Sista kwenye benchi la wagonjwa, akimsaidia bibi mmoja kutia dawa. Fundi alisubiri amalize, akamshika mikono yote miwili.

"Sista, asante. Jicho langu la kushoto limekwenda," akasema, akamtazama mdogo wake. "Lakini limetuachia matatu."