Abiria wa Kushika Usukani

Bashiri aliamka amechoka, kama ilivyokuwa kawaida yake siku hizi. Mikono ilimuuma kuanzia viganjani hadi mabegani. Alipoinua kikombe, chai ilimwagika mezani.

Mkewe, Mwajuma, alichukua kitambaa akafuta. Kisha akasema lililokuwa moyoni mwake.

"Baba Sabra, mtoto unamfuata lini?"

"Ijumaa, Mungu akipenda."

"Kwa gari lipi?"

Bashiri alitazama nje, gari lilipoegeshwa. Gari lilikuwa moja tu, na Mwajuma alilijua.

Sabra alikuwa binti yao wa kwanza. Aliolewa Chitete, na sasa alikuwa na mimba kubwa. Bashiri na Mwajuma walitoka Tanga zamani, wakaja kutafuta maisha Tunduma. Kwao, binti mwenye mimba ya kwanza hurudi kujifungulia kwa mama yake. Mwajuma alikwishaandaa chumba. Alikwishafua khanga na kuweka mafuta ya nazi. Aliyebaki kusubiriwa ni binti mwenyewe.

"Mwanangu hapandi gari lile," alisema Mwajuma. "Bora nimkose hapa nyumbani kuliko nimkose duniani."

Bashiri aliinuka. Alichukua funguo akatoka.

Gari lenyewe lilikuwa la kazi, lile la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Alilitumia kubeba abiria na mizigo kati ya Tunduma na Chitete. Masika yaliyopita alichoka kukwama kwenye tope. Akaweka springi ndefu na tairi kubwa, gari likanyanyuka juu. Kwenye tope likawa linapita bila shida. Lakini kwenye lami likaanza ugonjwa. Likikimbia kidogo, kisha likagonga shimo au kiraka, tairi za mbele zilitikisika kushoto na kulia kwa nguvu. Usukani nao ulitetemeka mikononi kama mashine ya kusaga. Haukutulia mpaka gari lisimame au litambae.

Watu wa njia ile wakafanya jambo ambalo sijui nilicheke au nilililie. Walizoea. Aliyekaa kiti cha mbele alijua kazi yake. Usukani ukianza kutetemeka, anaudaka pamoja na dereva, wanaushikilia wawili. Stendi walikuwa wanataniana.

"Leo nani ana zamu ya usukani?"

"Mimi nimekula ugali, nipisheni!" alisema Mzee Fanueli, mnunuzi wa mchele mwenye mikono minene. Yeye ndiye aliyependwa kwenye kiti kile kuliko wote. Walicheka, wakapanda, wakafika. Wakifika, kila mmoja alimshukuru Mungu kwa dini yake. Mazoea yana taabu.

Siku ile, wakati wa kurudi kutoka Chitete, Mzee Fanueli hakuwepo. Kiti cha mbele alikaa mwanamke mgeni. Jina lake Gwantwa, mwenyeji wa Ileje, mwalimu wa ufundi wa magari. Bashiri hakuyajua hayo. Alimwona tu ni abiria mwenye begi. Alikuwa amechoka mno hata kumweleza kazi ya kiti kile.

Walimaliza barabara ya vumbi, wakaingia lami. Gari lilikolea mwendo. Mbele kulikuwa na kiraka kikubwa. Tairi zikakigonga, na usukani ukaanza.

"Shika!" abiria wa nyuma walipiga kelele. "Dada, shika usukani!"

Gwantwa hakushika.

"Baba, toa mguu kwenye mafuta," alisema. "Usikanyage breki kwa ghafla. Shika imara, lakini usishindane nao. Acha gari lipungue mwendo lenyewe."

Bashiri alitii kwa sababu hakuwa na nguvu za kubisha. Gari likapungua mwendo. Mtetemeko ukaisha. Akalitoa taratibu pembeni, likasimama. Bashiri alizima injini, akamgeukia.

"Kwa nini hukushika?" aliuliza kwa hasira. Hasira ile ilikuwa hofu.

"Tungeshika wawili, kila mtu angevuta kwake. Gari lina dereva mmoja, baba. Tangu lini abiria akawa spea?"

Nyuma mtu mmoja alicheka.

"Gari hili ulilinyanyua lini?" Gwantwa aliuliza.

"Masika yaliyopita."

"Na ugonjwa huu ulianza lini?"

"Masika hayo hayo." Bashiri alijisikia akisema, akaelewa swali lilikokuwa linakwenda.

"Fundi wako anasemaje?"

"Ameweka shokapu ya usukani, ya kumeza mtetemeko. Ikatulia siku chache, ikarudi. Akaweka nyingine."

"Ulimwambia kwamba gari limenyanyuliwa?"

"Springi niliweka kwa fundi mwingine, Mbeya. Kwa Deus, fundi wangu wa Tunduma, nilisema tu usukani unatetemeka."

Gwantwa alitikisa kichwa. "Shokapu ile ni kama dawa ya maumivu kwa mwenye jino bovu. Maumivu yanapoa, jino linaendelea kuoza. Kesho nitakuwa Tunduma. Tulitazame jino."

Walifika Tunduma kwa mwendo wa kutambaa. Malori yaliyokuwa yanaelekea mpakani yaliwapita yote.

Kesho yake walikutana gereji kwa Deus. Deus alikuwa amenuna.

"Kwani mimi niliweka vibaya?"

"Uliweka vizuri sana," alisema Gwantwa. "Ila mgonjwa alikuficha habari. Njoo tulipime, kaka. Leo hatununui kitu mpaka tujue kilichoharibika."

Deus alilainika. Walianza na tairi. Walipima upepo. Gwantwa akapitisha kiganja juu ya mpira. Tairi ya kushoto ilikuwa imelika upande mmoja.

"Tairi kubwa isiyo na balansi, yaani uzito wake haulingani pande zote, inaweza kuanzisha mtetemeko," alisema. "Lakini isidhaniwe ni yenyewe peke yake. Tuendelee."

Walipiga jeki, wakaweka stendi za chuma chini ya ekseli, mhimili wa tairi za mbele, ili gari lisianguke. Deus alishika tairi juu na chini akaitikisa. Haikucheza. Akaishika kushoto na kulia akaitikisa tena. Ilicheza kidogo sana.

"Hiyo ni ncha ya tairodi, kile chuma kinachogeuza tairi, imeanza kuchoka," alisema Deus. "Itabadilishwa. Ila kwa mtetemeko ule, haitoshi."

"Sasa umesema," Gwantwa alimwambia.

Wakashusha gari chini. Wakavuta breki ya mkono na kuweka mawe kwenye tairi. Bashiri alipanda, akawasha injini.

"Zungusha usukani kidogo kushoto, kidogo kulia," alisema Gwantwa. "Usiache mpaka nikwambie."

Yeye na Deus walichuchumaa pembeni, wakamulika chini kwa tochi. Bashiri alizungusha. Kushoto, kulia. Mabega yalimuuma. Aliuchukia usukani ule. Alitamani mtu amwambie auze gari akalale.

"Simama!" Deus aliita. "Mzee, shuka uone mwenyewe."

Deus alikaa kwenye usukani. Bashiri alipiga magoti pembeni mwa gari. Gwantwa alimulika fimbo ndefu ya chuma iliyokatiza chini ya gari, kutoka kwenye chesisi hadi kwenye ekseli ya mbele.

"Kazi ya fimbo hii ni kuzuia ekseli isikimbie upande," alisema. "Tazama bolti yake."

Deus alizungusha usukani. Bolti ilitembea ndani ya tundu lake. Tundu halikuwa la duara tena. Lilikuwa limelika, limerefuka. Bushi ya mpira inayoikumbatia bolti ilikuwa imepasuka.

"Gari liliponyanyuka, fimbo ililala kwa pembe nyingine," alieleza Gwantwa. "Haikurekebishwa. Ikavuta bolti kila siku, mpaka ikalegea. Ekseli nayo imepinduka kidogo, kwa hiyo tairi hazipendi kurudi kwenye mstari. Ukigonga kiraka, kila kitu kinacheza pamoja."

Bashiri aliitazama bolti ile ndogo. Aliwakumbuka watu wote waliowahi kukaa kiti cha mbele. Akina mama wenye watoto mapajani. Mzee Fanueli na vicheko vyake. Aibu ilimshika.

"Nimewabeba watu hivi," alisema. "Muda wote huu."

Deus alizima injini.

Kazi ilichukua siku kadhaa. Deus alibadilisha ncha ya tairodi. Aliweka kishikio kipya pale tundu lilipolika, akaweka bushi na bolti mpya, akazikaza barabara. Akaweka fimbo ya urefu unaofaa gari lililonyanyuliwa. Akaweka pia bushi maalumu za kuirudisha ekseli kwenye pembe yake. Tairi ziliwekwa balansi. Kisha gari lilipelekwa taratibu kwenye mashine ya kupima mwelekeo wa tairi, na safari hii Bashiri alisema kila kitu kabla hajaulizwa.

Ijumaa ikapita. Bashiri alitaka kwenda Chitete siku ile ile gari lilipotoka kwenye mashine.

"Hapana, baba," Gwantwa alisema kwenye simu. "Lijaribu kwanza bila abiria. Mwendo mdogo, kisha ongeza kidogo kidogo. Baada ya safari za mwanzo, rudi kwa Deus akague bolti zote tena."

Alilijaribu peke yake. Alirudi kwenye kiraka kile kile. Gari liliruka, likatua, likaendelea. Bashiri alilisimamisha pembeni, akainamisha kichwa juu ya usukani. Alikaa hivyo kwa muda, hana haraka ya kwenda popote. Kisha akarudi kwa Deus bolti zikakaguliwa.

Ndipo alipomfuata Sabra.

Sabra alipanda polepole, akikanyaga kigoda. Alikaa kiti cha mbele. Mzee Fanueli na wenzake walikaa nyuma. Walipoingia lami, Sabra alisogea, akanyoosha mkono kuelekea kwenye usukani.

"Baba, nianze kushika lini?"

Bashiri alihisi moyo ukimuuma. Hata mwanawe, na tumbo lile, alijua zamu ya kiti kile. Aliuchukua mkono wa binti yake, akaurudisha taratibu juu ya tumbo.

"Shika mwanao," alisema. "Usukani ni kazi yangu."

Baadaye kiraka kikafika. Nyuma watu walishika viti. Mzee Fanueli alikwishanyoosha mikono yake minene. Gari likadunda mara moja, usukani ukabaki umetulia.

"Basi mimi sina kazi tena," alinong'ona Mzee Fanueli.

Alinong'ona kwa sababu Sabra alikuwa amesinzia.

Mwajuma aliwapokea mlangoni. Alimkumbatia binti yake muda mrefu. Kisha akamgeukia mumewe.

"Njiani nani alikusaidia kushika?"

"Hakuna," alisema Bashiri. "Abiria alilala."

Mwajuma alimletea chai. Bashiri aliinua kikombe kwa mkono mmoja, akanywa.