Kishungi, Nakiete na Kiatu cha Bibi

Nakiete anaishi na bibi yake, juu milimani Upareni. Nyuma ya nyumba kuna migomba. Chini ya migomba kuna kuku mwenye maringo. Jina lake Kishungi.

Jumapili ni sikukuu ya mavuno. Watoto wataimba na kuruka kanisani. Nakiete atakuwa mbele kabisa!

"Mama," bibi akamwita mjukuu wake, "peleka mahindi mashineni. Mwambie fundi asage dona, asikoboe. Dona, umesikia?"

"Ndiyo, bibi!"

Vuuuu! Vuuuu! Mashine ikanguruma. Nakiete akaona unga wa jirani. Mweupe pe!

"Fundi, na mimi nikobolee!"

Fundi akakoboa. Unga mweupe huku, pumba kule.

Bibi akafungua mfuko. Akaguna. "Mh! Haya, umeshakobolewa. Tutakula."

Na pumba? Zote kwa Kishungi.

Do! Do! Do! Kishungi akala.
Pwii! Akachafua kiatu cha bibi.

Jioni wakala ugali mweupe na maharage. Nakiete akala ugali tu. Maharage akayatupa mlangoni, kimyakimya.

Do! Do! Do! Kishungi akala.
Pwii! Kiatu cha bibi tena!

Kesho yake mchicha nao ukapita mlango uleule. Kishungi akanenepa. Akatembea kama bibi harusi.

Lakini Nakiete hakwenda chooni. Leo hapana. Kesho hapana. Tumbo likawa gumu kama ngoma.

Nguru, nguru, nguru!
Tumbo limefunga mlango.

Nakiete akajaribu kuruka. "Aii!" Akakaa chini, akalia. "Bibi, Jumapili sitaruka!"

"Pole, mama, pole." Bibi akampapasa tumbo. Kisha akamtazama Kishungi. "Hebu niambie. Maharage yako anakula nani?"

Nakiete akatazama vidole vyake vya miguu. "Kishungi."

"Na mchicha?"

"Kishungi."

"Na ule unga, nani alisema ukobolewe?"

"Mimi, bibi. Ulikuwa mzuri."

Bibi akacheka mpaka kanga ikamdondoka. "Ndiyo maana kiatu changu hakina raha!"

Akampakata Nakiete. "Sikiliza. Ndani ya utumbo wako kuna vijidudu. Vidogo, vidogo, havionekani kwa macho."

"Vinauma?"

"Haviumi! Hivi ni vyema. Vinakusaidia. Chakula chao ni nyuzinyuzi. Zimo kwenye dona, maharage, mboga na matunda. Wewe umempa Kishungi chakula chao chote."

Nakiete akashika tumbo lake. Akavionea huruma. "Vina njaa?"

"Vina njaa sana. Vikishiba, utumbo unapata nguvu. Hata mimi mzee ninavilisha. Vinanisaidia kujikinga na maradhi mabaya ya utumbo, kama saratani."

Nakiete akafuta machozi. Akabeba mahindi, mbio mashineni!

Vuuuu! Vuuuu! "Nikoboe?" fundi akauliza.

"Hapana! Dona! Na pumba zake zote!"

Jioni Nakiete akala ugali wa dona. Akala maharage. Akala mchicha. Akala papai, akanywa maji, gudu, gudu, gudu. Kishungi akachungulia mlangoni.

"Leo huna chako," Nakiete akamwambia.

Wakala hivyo na kesho yake. Bado mlango umefungwa. "Subira, mama," bibi akasema. "Vijidudu viko kazini."

Jumapili, jogoo wa jirani akawika. Nakiete akafumbua macho.

Nguru, nguru, nguru!
Tumbo limefungua mlango!

Papa, papa, papa! Nakiete akakimbilia chooni.

Kimya.

Kimya kidogo tena.

"Bibi! Tayariii!"

Bibi akapiga vigelegele. Kishungi akaruka juu ya mgomba kwa hofu.

Kanisani Nakiete akasimama mbele kabisa. Akaruka! Akaruka tena! Tumbo jepesi, moyo mweupe. Bibi akaruka naye, kiatu kikamvuka.

Usiku, kitandani, Nakiete akaweka mkono tumboni.

"Vijidudu vyangu, mmeshiba?"

Nguru.

"Haya, laleni. Kesho kuna kunde."

Nje, Kishungi alikuwa amenuna. Hakuna maharage, hakuna mchicha.

Na pale mlangoni, kiatu cha bibi kililala kikiwa safi.