Mwito wa Mama Haukatwi

"Stéphane, sauti ya mama yangu iko wapi?"

Byuku alikuwa amesimama mbele ya kibanda cha kuchajia simu pale Mubi, mji wa mashariki mwa Kongo, kidole kimoja sikioni kwa sababu ya malori. Ndani ya kibanda redio ilikuwa inapiga wimbo wake mpya. Aliutunga mwenyewe, akauimba mwenyewe, akaupangia ngoma na gita mwenyewe kwenye kompyuta, ndani ya chumba alichobandika magodoro ukutani ili kelele za barabara zisiingie. Wimbo ulikuwa wake mzima. Ila sasa umekatwa kichwa kama kuku wa Noeli.

"Sauti gani, sheri?"

"Usiniite sheri. Ile mwito. Yenye inaanzaka nyimbo zangu zote."

Kila anayetengeneza muziki ana alama yake. Kuna anayeweka jina lake mwanzoni, kuna anayeweka kicheko. Byukusenge, ambaye mashabiki humwita Byuku, aliweka mwito wa mama yake. Wao ni Batwa, watu wa msitu, wa milima iliyo juu ya Kitshanga kule Masisi. Kule, mtu akiona nyuki kwenye mti alichanja gome, na kuanzia hapo mti ulikuwa wake, hakuna aliyeugusa. Siku ya kurina alipanda, na akiikuta asali aliita kutoka juu, na waliokuwa chini wakaitikia. Vita viliwafukuza, msitu ukabaki nyuma, lakini mama mtu aliendelea kuita hata akiwa anachota maji.

Huo ndio mwito uliokuwa haupo redioni.

"Nilikata kidogo tu," Stéphane akasema. "Ba redio banapenda wimbo ianze mbio."

"Redio gani? Ile yenye ilipiga nyimbo zangu zingine na mwito ndani, na haikulalamika?"

Mwanamume akikosa uongo wa pili, ujue hata wa kwanza aliutunga akiwa anakimbia.

"Byuku, sikia. Papa na Mama banakuja kwenu siku ya mungu, kukuomba nikuoe. Na ule wimbo banausikia kila siku ku duka."

"Na mwito inabasumbua nini?"

"Wataulizana nani analia vile Kitwa." Akashusha sauti. "Niliwaambia uko Muhunde." Wahunde hakuna anayekataa kula nao; Batwa, wengi huwakataa.

Ngoja nikwambie huyu Stéphane ni nani, ili hasira yako ikae mahali pake. Ni mtoto wa Papa Faustin, Mnande wa Butembo, mwenye duka la mabati na misumari pale barabarani. Ndiye aliyekuwa anapeleka nyimbo za Byuku redioni. Ndiye aliyemwambia kwamba akisikia sauti yake anasahau njia ya kurudi kwao. Studio alikuja kila wiki. Kwa mama yake Byuku pia alikuja, lakini kila alipokaribishwa chakula alikuwa ametoka kula. Byuku alidhani ni aibu ya mkwe. Mapenzi hufumba macho, halafu hukupa na sababu nzuri za kutoyafumbua.

"Waache bakuje," Byuku akasema, akakata simu.

Ujumbe ukaingia hapo hapo: "Tafazali mwambie mama asiseme mengi. Ni siku moja tu. Nakupenda sana."

Nyumbani alimsomea mama yake, Nyiransabimana, aliyekuwa anamenya mihogo. Mama alimenya mmoja, akamenya wa pili, kisu kinatembea tu.

"Ninyamaze mu nyumba yangu?" akauliza. Kisha akamtuma Byuku kutafuta asali, maana wageni hawapokelewi mikono mitupu.

Jumapili baada ya misa wakafika. Papa Faustin ndani ya koti, mke wake Mama Constance ndani ya kitenge kilichokuwa bado na mikunjo ya dukani, na Stéphane katikati yao amechanwa nywele vizuri. Wakasifia ua, wakasifia wimbo. Mama Constance alisema anaupenda mno, hata anaucheza mbele ya wateja. Stéphane alikuwa anamkonyeza Byuku kila mara. Byuku alikuwa anaangalia mlango wa jikoni.

Mama akatoka na kibuyu cha pombe ya asali na kikombe kimoja. Kimoja tu.

"Karibuni," akasema. "Miye niko Mutwa wa Masisi. Huyu ni mutoto wangu. Naona Stéphane alisahau kubaambia."

Mama akajaza kikombe, akanywa yeye kwanza. Huko kwetu mwenye nyumba huonja wa kwanza, ili mgeni aone hakuna sumu. Baada ya hapo ukikataa, umemwita muuaji mbele ya watoto wake. Mama Constance anaijua desturi hiyo kama anavyoijua rozari. Kikombe kikamfikia, akakitazama pale midomo ya Mama Nyiransabimana ilipopita.

"Aksanti, mama. Leo tunafunga."

"Siku ya mungu?" Byuku akauliza. "Bakatoliki banafungaka siku ya mungu?"

Papa Faustin akakohoa, akaanza kueleza habari za presha na jinsi daktari alivyomkataza, akaieleza mpaka ikaisha. Kikombe kikaenda kwa Stéphane. Alikipokea kwa mikono miwili, vizuri kabisa, akakinyanyua hadi karibu na kidevu. Moyo wa Byuku ulipanda nacho. Alikuwa tayari kumsamehe, naapa, alikuwa tayari kusamehe hata ule wimbo.

Halafu Stéphane akamwangalia mama yake.

Mama Constance alitikisa kichwa kidogo tu, kama mtu anayefukuza nzi. Stéphane akakiweka kikombe juu ya kigoda.

"Nitakunywa nyuma, hapana sasa," akasema.

Byuku akasimama.

"Mudomo yangu unabusu ku studio. Mudomo ya mama, yenye ilinifundisha kuimba, njo unaogopa?"

"Byuku, heshimu wazazi," Stéphane akanong'ona.

"Wangu njo naheshimu. Ulimukata ku wimbo, sasa unamukata ku kikombe. Mimi unanikata lini? Nikisha kukuzalia?"

Mama Constance alijifunika uso na kitenge. Mama Nyiransabimana akakichukua kikombe, akakinywa chote taratibu, akafuta mdomo, akawatakia wageni safari njema.

Byuku hakulia mbele yao. Alilia njiani kuelekea studio na mama yake, kwa hasira, mpaka waendesha pikipiki wakapunguza mwendo kumtazama. Jua lilikuwa bado kali. Alimketisha mama mbele ya maikrofoni, akamwambia aite kama mtu aliyekuta mzinga mkubwa kuliko yote ya maisha yake. Mama akaita mpaka sauti ikakwaruza.

Safari hii Byuku hakuuweka mwito mwanzoni. Aliondoa ngoma, mwito ukawa ndio ngoma. Aliupitisha chini ya gita, akaufuma katikati ya maneno, na kwenye kiitikio yeye mwenyewe akawa anamjibu mama yake. Alama haikuwa tena kwenye gome. Ilikuwa mti mzima.

Wimbo aliupeleka mwenyewe. Mtangazaji alipomuuliza yeye ni nani hasa, alijibu:

"Niko Byukusenge, Mutwa wa Masisi. Niliandika, niliimba, nilitengeneza. Ile sauti ingine ni mama yangu."

Stéphane aliandika. "Wimbo iko kali." Halafu: "Nisamehe." Halafu: "Jibu basi, nateseka." Kisha siku moja mchana akaja, peke yake, kwa njia ya nyuma ya nyumba. Alimsalimia mama kwa heshima zote, akaomba kikombe kile kile. Mama akaonja, akampa. Akakinywa mpaka chini, Byuku akimtazama.

Jamani, alikuwa bado anampenda. Hicho ndicho kilichomkasirisha zaidi. Miaka miwili alikuwa anangoja kuona koo lile likimeza kitu cha nyumbani kwao.

"Umeona?" Stéphane akasema. "Nimekunywa."

"Nimeona. Mama yako ameona?"

Akakizungusha kikombe mkononi.

"Anajua hata kama uko hapa?"

"Polepole, Byuku. Nitamwambia polepole."

"Basi unakunywa mahali penye haonake. Ile haiko mapenzi, Stéphane, iko wizi." Akamfungulia mlango, ule wa mbele, unaoangalia barabara. "Pita hapa, bantu bakuone. Na usirudi."

Akapita hapo, kichwa chini.

Sasa hivi Mubi nzima ni wimbo ule. Uko kwenye pikipiki, kwa vinyozi, kwenye malori yanayoingia kutoka Walikale. Juzi ulipigwa redioni ndani ya duka la mabati, na Mama Constance akarusha kitambaa cha kufutia vumbi.

"Stéphane, ile sauti ya ule mwanamuke inaniumiza kichwa. Si ulikuwa unajua kukata? Ikate."

Stéphane alikuwa anahesabu misumari. Hakuinua macho.

"Haikatike, Mama. Nilijaribu."

"Namna gani haikatike?"

"Ukiitoa, hakuna wimbo."

Nje, vijana waliokuwa wanashusha mabati kwenye lori walisikia mwito wa mama, wakasimama na mizigo yao mabegani, wakauitikia wote.