Vidonge si Chumvi

Kafedha aliingia kwake Mtopanga akalitupa kapu chini. "Nimechoka na zahanati hii! Mara tatu!"

Kila asubuhi yeye huuza mahamri na mbaazi. Na zahanati nayo hudunga sindano za kupanga uzazi asubuhi tu. Siku ya kwanza alichelewa, akaambiwa aje kesho. Kesho yake aliacha biashara, akaambiwa dawa imeisha. Leo muuguzi yuko semina. Semina!

Tarehe ya sindano yake imepita wiki tatu. Mtoto wake mdogo ana miezi sita, na alipomzaa alivuja damu nusura afe. Mimba nyingine sasa aliiogopa kuliko njaa.

Basi akafanya wafanyavyo wanawake wa ploti yao. Alimwita wifi yake Jumwa dirishani, akamwomba vidonge viwili vya kupanga uzazi, kama aombaye chumvi. Jumwa akakata kipande cha pakiti yake, akampa.

Jioni Kafedha alikwenda duka la dawa kununua dawa ya mafua ya mtoto. Mfamasia, Phoebe, akamwona amenuna.

"Mama, kwema?"

"Kwema wapi!" Akamweleza yote.

Phoebe akashika kichwa. "Jamani! Vidonge viwili havizuii kitu. Tena si kila mtu anafaa kuvimeza. Wengine wana presha, wengine wananyonyesha. Lazima mtu aulizwe kwanza. Na huyo Jumwa, vikimwishia kabla ya siku zake, atameza nini?"

Hilo Kafedha hakulifikiria.

"Na sindano nadunga hapa hapa. Nimesomea na nina kibali. Mbona hukuniuliza?"

"Nilidhani nyinyi ni watu wa dawa za kikohozi tu!"

Phoebe alimpeleka nyuma ya pazia, akampima presha, akamuuliza maswali. "Hujapitisha wiki nne tangu tarehe yako, kwa hiyo naweza kukudunga leo. Ungezidisha, tungepima mimba kwanza, na ungetumia kondomu siku saba. Na ujue, sindano haizuii Ukimwi. Damu ikitoka nyingi, rudi haraka, nikuandikie barua ya hospitali."

Sindano ikaisha upesi. Kafedha alishukuru, kisha akakasirika upya. Mlango huu alikuwa akiupita kila siku na kapu kichwani!

Akaenda mbio kumwita Jumwa. Phoebe akamuuliza Jumwa naye, akampima, akampa pakiti nyingine. Jumwa hakukosa kidonge hata siku moja.

Miezi mitatu baadaye Kafedha aliuza mahamri yote, akaenda kudungwa, akarudi mbaazi za watoto zingali moto. Mimba hana. Hajakanyaga foleni ya zahanati.

Mara jirani yao Josephine akaita dirishani, "Dada Kafedha, niazime vidonge viwili!"

"Chumvi chukua kopo zima," akajibu Kafedha. "Vidonge, vaa viatu twende."